Kipande cha Thelathini na Moja

Mara thelathini na tisa katika maisha yake, Casimir Wrobel alilaza njia ya mbao juu ya barafu ili vijana wa vyuo wapate pa kukimbilia.

Alikuwa seremala wa Milwaukee, upande wa kusini, kwenye mitaa ya Wapolandi. Miezi ya Februari na Machi theluji bado imejaa barabarani, kwa hiyo Ubingwa wa Kaskazini, mashindano ya riadha ya wanaume wa vyuo kumi na vinne, ulifanyika ndani ya ukumbi ambao siku nyingine zote ulikuwa wa mpira wa magongo wa barafuni. Jumatano usiku timu za magongo zilicheza mechi yao. Alhamisi asubuhi Casimir na wenzake saba walifika na malori mawili yaliyobeba vipande arobaini na nane vya njia, kila kipande na namba yake imepakwa rangi nyeupe ubavuni. Walitandika turubai, wakatandika mbao nyembamba za kuzuia baridi, kisha wakaanza kuunganisha vipande kwa bolti, cha kwanza na cha pili, cha pili na cha tatu, mpaka duara likafunga. Kona zote mbili ziliinuliwa juu ya magogo, upande wa nje juu kuliko wa ndani, ili mkimbiaji asitupwe nje kama gari lililokosa breki. Mizunguko kumi na moja ilikuwa maili moja. Jumapili walifungua kila kitu na kukirudisha kwenye zizi la farasi la uwanja wa maonyesho, kikalala huko mwaka mzima.

Wenzake walimwita Padri. Jina hilo alipewa na Stash Nowicki, mtu wa maneno mengi, kwa sababu tangu mwaka fulani Casimir alianza tabia ya kuzunguka njia yote kwa magoti, spana mkononi, akigusa bolti moja baada ya nyingine. Hakuzunguka mara moja, alizunguka mara tatu. "Padri anasali rozari yake ya chuma," Stash alikuwa akisema. "Msimguse mpaka afike kwenye Amina." Casimir alicheka pamoja nao. Wakuu wa mashindano walimsifu kwa uangalifu wake, na mwaka mmoja wakampa saa ya ukutani. Hakuitundika. Halina, mkewe, aliitundika jikoni, naye Casimir akawa anakaa kwenye kiti kilichoipa mgongo.

Mwaka 1987 njia ya mbao ilitumika kwa mara ya mwisho. Chuo kimoja kilikuwa kimejenga ukumbi mpya wenye njia ya mpira isiyohitaji seremala, na mbao ziliuzwa kwa mfugaji aliyetaka kuzibia ghala lake. Casimir alikuwa na miaka sitini na minne. Alidhani mambo yameishia hapo.

Januari iliyofuata akapigiwa simu na msichana aitwaye Lorna Vandehei, karani wa ofisi ya mashindano. Ubingwa ulikuwa unatimiza miaka hamsini tangu uanze, naye alikuwa ametumwa kuandika kijitabu cha historia yake. Alisema watu wote wanamwambia kitu kimoja, kwamba makocha wamekuja na kuondoka, majaji wamekuja na kuondoka, lakini mtu aliyekuwepo muda wote ni yule seremala. Je, angeweza kuja kumsikiliza?

Akaja Jumanne moja na daftari lake, akakaa jikoni, Halina akamtengea kahawa na mkate wa mbegu za mpopi. Casimir hakuwa msemaji, lakini siku hiyo alishangaa jinsi maneno yalivyomtoka. Alimweleza habari za mwanzo, ambazo naye alisimuliwa na wazee waliomtangulia: mwaka 1938 vijana walikimbia juu ya vumbi la mbao kwenye banda la maonyesho ya ng'ombe, wakimaliza maili moja wanakohoa nusu saa, na mrushaji wa tufe mmoja akavunja hori la maji. Kisha vita vikaja, vijana wakaenda ng'ambo, mashindano yakasimama. Mwaka 1949 zikanunuliwa mbao, naye akaajiriwa akiwa ametoka jeshini miaka mitatu tu. Alimweleza mwaka ambao fito za kurukia zilibadilika kutoka chuma kuwa za nyuzi za kioo, kijana wa kwanza kuzitumia akaruka juu sana hata majaji wakatuma mtu akatafute ngazi ya kupimia. Alimweleza jinsi yadi zilivyokufa na mita zikaingia, na kwamba majaji wazee walinung'unika wiki nzima kana kwamba wameibiwa.

Lorna aliandika haraka haraka. Kisha akarudisha kurasa nyuma.

"Bwana Wrobel, kuna mwaka mmoja sijauelewa. Sabini na moja. Karatasi zangu zinasema mbio za yadi elfu moja zilisimamishwa, zikarudiwa baada ya saa moja. Hazisemi kwa nini."

"Kijana alianguka," Casimir akasema.

"Njia ilikuwa na tatizo?"

Casimir akainuka, akachukua birika, akammiminia kahawa kwenye kikombe ambacho bado kilikuwa kimejaa. Kahawa ikafurika kwenye sahani, ikafika kwenye daftari. Halina akakimbilia kitambaa. Wakati wa kufuta na kuombana radhi swali likapotea, na Lorna, ambaye hakuwa mjinga, hakulirudia. Aliaga akisema atapiga simu.

Mlango ulipofungwa Halina hakuuliza kitu. Aliosha vikombe. Walikuwa wameoana miaka arobaini na moja, naye alijua kwamba mumewe akisukumwa hufunga, lakini akiachwa hufunguka mwenyewe. Alimngoja siku mbili. Alhamisi mchana, Casimir akiwa anamenya viazi, alianza kusema bila kuinua kichwa.

Mwaka ule wa 1971, asubuhi ya mashindano, alikuwa akikaza bolti za kona ya pili. Alikuwa amefika kipande cha thelathini na moja. Ilikuwa wiki ya kuelekea Kwaresima, na Stash alikuwa ameleta sanduku la pączki, yale maandazi ya jemu ambayo kila Mpolandi wa Milwaukee huyala mpaka yamchukize kabla ya mfungo kuanza. Stash akaita kwamba yanaisha. Casimir alikuwa ameingiza bolti na kuizungusha kwa vidole tu. Akaweka spana chini, akaenda akala andazi, akala la pili, wakacheka, kisha mtu akamwomba asaidie kubeba meza ya majaji. Aliporudi alianzia kipande cha thelathini na mbili.

Jioni, wakati wa mbio, kazi yake ilikuwa kukaa chini ya kona, katikati ya magogo, akisikiliza kama kuna mbao inayolia. Yadi elfu moja zilikuwa mbio ambazo ukumbi wote ulikuwa ukizingoja. Mtu wa kutazamwa alikuwa Roscoe Tilghman, kijana mweusi kutoka Rockford, mwembamba, mwenye hatua ndefu, ambaye tangu Desemba hakuwa ameshindwa. Casimir alizisikia nyayo zikimpita juu ya kichwa, mzunguko baada ya mzunguko, kama mvua ya mawe inayokuja na kwenda. Mizunguko miwili kabla ya mwisho akasikia mlio mkavu, kama ubao unaopasuka. Kisha kishindo. Kisha watu elfu nane wakanyamaza.

Alitambaa mpaka kwenye kiungo cha thelathini na moja, akakuta bolti imejizungusha na kutoka nusu kidole. Bila kufikiri akaikaza. Alipomaliza, majaji wawili waliingia chini na tochi, wakamuuliza kama kuna kitu kimevunjika. Akawaambia kila kitu kiko sawa. Wakatazama, na kweli kila kitu kilikuwa sawa.

Kijana alitolewa kwa machela. Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika chini ya goti. Gazeti lilisema asingekimbia tena, na hakukimbia tena.

"Nilimvunja mguu kwa sababu ya andazi," Casimir akasema. "Kisha nikadanganya."

Halina akavuta kiti, akakaa mbele yake. Alipofungua mdomo, hasira yake haikuwa ile Casimir aliyoitarajia, naye alimwita kwa jina lake la nyumbani.

"Miaka kumi na saba, Kaziu. Umelala ubavuni mwangu miaka kumi na saba na jambo hilo, nami nikadhani ni tumbo. Nimekupikia uji wa shayiri bure."

"Ningekwambia nini?"

"Hayo uliyoniambia sasa." Akamnyang'anya kisu, maana viazi alikuwa amevimenya mpaka vimebaki kama karanga. "Kijana yuko wapi?"

Casimir hakujua. Hakuwahi kuthubutu kuuliza. Halina akafuta mikono, akaenda kwenye simu, akampigia Lorna. Hakumweleza kitu, alisema tu kwamba mume wake angependa kumsalimu yule mkimbiaji wa mwaka sabini na moja. Lorna alikuwa na anwani za wote kwa ajili ya mialiko ya sherehe. Roscoe Tilghman alikuwa Racine, mwendo wa dakika arobaini kwa gari. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na alifundisha pia timu ya riadha ya shule.

Ilimchukua Casimir wiki nne kwenda. Mara ya kwanza alisema barabara zina barafu, na kweli zilikuwa nazo. Mara ya pili alisema mwalimu ana shughuli. Mara ya tatu Halina alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda amevaa shati la kanisani, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Akamvalisha ile ya pili kama anavyovalishwa mtoto. "Akikufukuza, tutarudi," akasema. "Akikupiga, nitampiga. Twende."

Walifika Ijumaa, saa za shule kutoka. Halina ndiye aliyeendesha. Alibaki kwenye gari na kitambaa chake cha kufuma, akasema huko ndani ni kwa Casimir peke yake.

Bwana Tilghman alikuwa kwenye ukumbi wa mazoezi, akipanga viunzi vya kurukia. Alikuwa ameongezeka mwili na kupungukiwa nywele, na alichechemea kidogo sana, kiasi ambacho mtu asingeona kama hakuwa akitafuta. Casimir alikuwa akitafuta. Kila hatua ya yule mwalimu ilimwingia kifuani. Alijitambulisha kwa jina, akasema yeye ni seremala aliyekuwa akiweka njia ya mbao, na kabla hajaombwa kukaa akamwambia yote: bolti, maandazi, mlio aliokaa nao kichwani, spana, tochi za majaji. Alisema kwa sauti ya chini na bila kutua, kofia mkononi, macho kwenye sakafu iliyong'arishwa.

Alipomaliza, Roscoe Tilghman alivuta kiunzi kimoja karibu. Alikaa juu yake, akajikuna kidevu.

"Hebu nikuulize, mzee wangu. Kipande hicho cha thelathini na moja kiko wapi?"

"Katikati ya kona ya pili."

"Na mlio ule uliusikia ukitokea upande gani?"

Casimir akafikiri. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amejiuliza maswali mengi, lakini si hilo. Mlio ulitoka kulia kwake. Ulitoka upande wa mbele, sehemu iliyonyooka, kwenye meza ya majaji.

"Basi," mwalimu akasema. "Mimi kwenye kipande chako sikufika. Yaani mzunguko ule sikufika kabisa. Mfupa ulikatika nikiwa kwenye sehemu iliyonyooka, nikausikia kwa masikio yangu, nikapiga hatua tatu zaidi kwa ujinga tu, ndipo nikaangukia mwanzo wa kona."

Casimir alitikisa kichwa. Alidhani anahurumiwa, na huruma hakuitaka. Akasema hivyo hivyo, kwamba hakuja kuombewa, alikuja kusema ukweli, na Bwana Tilghman ana haki ya kukasirika.

"Sikuhurumii. Njoo uone."

Alimpeleka kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha vijana. Ukutani, katikati ya ratiba ya mazoezi na tangazo la kukataza kuacha soksi chafu, kulikuwa na barua ndani ya kioo. Ilikuwa ya daktari wa mifupa, tarehe kumi na mbili Februari, 1971, wiki moja na siku kadhaa kabla ya mashindano. Casimir akavaa miwani. Barua ilisema kwamba picha inaonyesha ufa kwenye mfupa wa muundi wa kushoto wa Roscoe Tilghman, kwamba asikimbie hata hatua moja kwa wiki nane, na kwamba akikimbia mfupa utakatika.

"Kocha hakuiona barua hiyo," Roscoe akasema. "Nilimficha. Mama yangu nilimficha. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwaka wangu wa mwisho, sijashindwa na mtu, nikajifunga bandeji nikasema wiki nane zitakuja baadaye. Nilipoanguka kila mtu alimlaumu kocha kwamba amenikimbiza mno. Mzee wa watu alibeba lawama hiyo miaka mitatu kabla sijapata moyo wa kwenda kumwambia. Ndiyo maana nimeitundika hapa. Kijana yeyote akinificha maumivu namleta aisome kwa sauti, mbele ya wenzake. Wananiita Bwana Muundi."

Casimir aliisoma barua tena tangu mwanzo. Alisoma tarehe mara tatu. Halafu akaisoma namba ya simu ya daktari iliyoandikwa juu ya karatasi, kana kwamba nayo ina jambo la kumwambia.

"Lakini bolti ilikuwa imelegea," akasema hatimaye.

"Ilikuwa imelegea, ndiyo. Hilo ni lako, siwezi kukuondolea. Na watu wangapi walianguka baada ya mwaka ule?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Kwa sababu ya njia, hata mmoja."

Mwalimu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekumbuka kitu. Akasema sasa anaweza kuuliza jambo ambalo limemsumbua. Alipokuwa amelala pale kwenye kona, shavu lake juu ya mbao, alichungulia kwenye upenyo kati ya mbao mbili akaona jicho la mtu na mkono wenye spana. Aliwaambia wauguzi kuna mtu anaishi chini ya sakafu. Wakamchoma sindano nyingine. Alipozinduka hospitalini akarudia, dada yake akaanza kulia akidhani kichwa nacho kimeumia. Baadaye naye mwenyewe akaamini ilikuwa ndoto ya maumivu.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Dada yangu nitampigia leo leo."

Hapo ndipo Casimir alipotafuta pa kukaa. Alikaa kwenye benchi la vijana, akavua miwani, akaifuta kwa shati la kanisani, akaivaa, akaivua tena. Hakulia hasa. Alikuwa akihema kama mtu aliyepanda ngazi ndefu na mzigo, akafika juu, akautua. Roscoe alikaa kando yake. Kupitia ukuta walisikia vijana wakianza kupasha misuli, nyayo zao zikizunguka, na Casimir alizisikiliza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa akingojea kitu kipasuke.

Walitoka pamoja mpaka kwenye gari. Halina alishusha kioo, akamtazama mumewe, kisha akamtazama mwalimu. Roscoe akamsalimu kwa heshima, akasema, "Mama, huyu bwana umrudishe nyumbani umlishe. Hana kesi na mimi." Halina akamshukuru, akampa mfuko wa karatasi uliokuwa kwenye kiti cha nyuma, mkate mzima wa mbegu za mpopi, ambao alikuwa ameuoka asubuhi bila kujua atautoa kwa furaha au kwa kuomba msamaha.

Njiani walisimama kula samaki wa Ijumaa, desturi ya Wakatoliki wa huko, kwenye hoteli ya kando ya barabara iliyojaa familia. Casimir alikula samaki wake, viazi vyake, mkate wa nafaka ya rai, kisha akamaliza na samaki wa Halina. Alimweleza habari yote, akaieleza tena tangu mwanzo, na mara ya pili akakumbuka mambo aliyoyasahau mara ya kwanza. Halina alimwacha aseme. Alipomaliza alimwambia kwamba bado ana hasira naye kwa uji wa shayiri, na kwamba hasira hiyo itachukua muda. Casimir akasema ni haki yake. Waliporudi garini alilala kabla hawajatoka maegeshoni, mdomo wazi, mikono imelegea juu ya mapaja.

Jumatatu Casimir mwenyewe alimpigia simu Lorna Vandehei. Alimsimulia mambo ya mwaka sabini na moja bila kuruka kitu, pamoja na bolti, pamoja na jibu alilowapa majaji. Lorna akamuuliza kama anataka iandikwe. Casimir akasema iandikwe, lakini maandazi yaachwe, maana Stash bado yuko hai na atamcheka. Lorna aliyaandika pia maandazi. Kijitabu kilipotoka mwezi wa Machi, Stash Nowicki alikisoma kwa sauti kwenye baa ya kona mbele ya watu wote, akafika kwenye sentensi hiyo, akasimama. Alikunja kijitabu, akamnunulia Casimir bia, na jioni nzima hakufanya mzaha.

Casimir Wrobel aliishi miaka tisa zaidi. Kila msimu wa baridi alipokea kutoka Racine bahasha yenye matokeo ya mashindano ya shule, yaliyopigwa kwa mashine, na chini yake mstari mmoja wa mkono wa mwalimu: vijana wangapi wamekimbia mwaka huo, na wangapi wamepumzishwa kwa sababu walisema kweli kwamba wanaumwa. Alizipenda hesabu za kundi la pili kuliko za la kwanza. Alimsomea Halina jikoni, akiwa amekaa kwenye kiti chochote kilichokuwa wazi, hata kile kilichotazamana na saa ya ukutani.